Mama hutoka nje saa tisa za usiku. Tumpeleke nyumba ya wazee?

Assalamu alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kisauni, Mombasa, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Tuko watatu tumbo moja. Kakangu mkubwa yuko Nairobi, anauza vipuri vya magari. Mdogo wetu wa kike yuko Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, na kazi yake huko ni kuwatunza wazee katika nyumba maalumu ya watu wenye ugonjwa wa kusahau. Mamangu ana miaka 77 kwa mujibu wa kitambulisho, ingawa mwenyewe husema walimpunguzia. Ni Mgiriama wa Kaloleni. Aliolewa na baba, akasilimu, na mjini ana zaidi ya miaka hamsini. Aliuza leso Marikiti mpaka magoti yalipomkataa.

Mambo yalianza kwenye hesabu. Mamangu alikuwa akikopesha leso bila daftari, kila deni analijua kwa jina la mtu na kwa shilingi. Mara akaanza kuwadai watu waliokwisha kulipa. Tukasema ni uzee. Kisha akawa anauliza baba amechelewa wapi, na baba tulimzika 2011. Tulimpeleka kwa daktari mmoja, akasema ni dimensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, huenda ikawa ile ya Alzheimer, haina tiba. Akatuandikia dawa za presha tukatoka. Hatukukaa mle hata robo saa, na hatujarudi.

Mchana tunamudu. Nikimpa sinia ya mchele anauchambua saa nzima, tena ananishinda mimi. Anaswali adhuhuri, anakunja mswala, akiuona umekunjwa anautandika anaswali upya, hata mara tatu nne. Taabu ni magharibi ikiingia. Anafunga nguo zake kwenye leso, anasema anataka kwenda kwao. Nikimwambia, "Mama, hapa ndipo kwako," anawaka, anaanza kusema Kigiriama kitupu ambacho mimi nasikia nusu na watoto hawasikii kabisa. Mwezi uliopita alitoka saa tisa za usiku. Vijana wa tuktuk walimkuta steji na furushi lake, wakamtambua, wakamrudisha. Siku chache baadaye alifungua gesi asiwashe moto. Na kila siku ananiita mwizi, kwamba nimemwibia bangili zake za dhahabu. Bangili hizo aliziuza mwenyewe zamani kutulipia karo.

Jirani alinishauri nimpe Piriton ili alale. Nampa kila usiku. Analala saa mbili tatu, akiamka amechanganyikiwa kuliko alivyolala.

Nilikuwa na kibanda cha mahamri na mbaazi, nimekifunga. Mume wangu ni mvumilivu lakini siku hizi analala sebuleni na watoto. Wasichana wa kazi wamekuja wakaenda. Wa mwisho alipigwa mwiko, akaondoka bila kuaga wala kudai mshahara.

Mdogo wetu amepata nyumba nje kidogo ya Nairobi, ya wagonjwa wa aina hii tu, ina wauguzi mchana na usiku. Ameizunguka kwa simu ya video: bustani, vitanda, kila kitu safi. Ni shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi. Yeye atatoa elfu themanini, mimi na kaka tutafute arobaini. Wanataka jibu na amana ya miezi miwili kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi inapewa mwingine.

Kakangu karuka juu. Anasema huu ni ugonjwa wa Wazungu na dawa yake ya kutupa wazazi pia ni ya Wazungu, sisi Waislamu hatuna hayo, na siku mama akipelekwa huko tusimwite kaka tena. Mwenyewe huja Idi hadi Idi. Mjomba naye, ndugu wa mama, anataka tumrudishe Kaloleni akapumzike kwao, kuna nyumba na kuna wifi yake mzee wa kumwangalia. Na mtaani washaanza kuniuliza kama ni kweli tunamuuza mama.

Shangazi, nampenda mamangu. Lakini kuna usiku naisikia sauti yake ikiniita na najifanya sijasikia. Tukimpeleka, tutakuwa tumemtupa? Tusipompeleka, nitaweza mpaka lini?

Mlezi, Kisauni

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nianze na hilo neno la kutupa, maana naona linakunyima usingizi kuliko mama mwenyewe. Mzazi hatupwi kwa sababu ya jina la nyumba anayolala. Hutupwa anapoita na hapana wa kumwitika, na hilo hutokea kwenye nyumba za wazee na hutokea vilevile kwenye chumba cha uani cha nyumba ya mwanawe. Nimewaona wazee wa namna hiyo hapa hapa mjini, watu wakipita barazani na kusema mashaallah, fulani anakaa na mamake. Kwa hiyo kila mnapopendekezewa mahali, ulizeni jambo moja: ikifika saa tisa za usiku, nani yuko macho, na atamjibu mama kwa lugha gani? Mengine yote, bustani na vitanda, yanakuja nyuma ya hilo.

Tuanze na Kaloleni ili tuiondoe mezani. Mjomba wako simlaumu, anamtakia nduguye mema. Lakini wewe ni mtu wa pwani, unayajua yanayotokea Kilifi, kaunti yenye hiyo Kaloleni. Wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo pana ugomvi wa shamba. Sasa mfikirie bibi anayetembea usiku peke yake, anazungumza na watu wasioonekana, anasukuma mlango wa boma la wengine akidhani ni la babake. Hapo Kisauni vijana wa tuktuk walimjua, wakamrudisha. Kule nani anamjua, baada ya miaka hamsini? Tena wa kumwangalia ni wifi mtu, mzee kama yeye. Mpelekeni mchana, akae na nduguye chini ya mwembe, ale, acheke kwa lugha yake, na jioni mrudi naye. Kulala asilale huko.

La pili, Piriton iishe leo. Hiyo ni dawa ya mafua na ya mwili kuwasha, na usingizi wake ni madhara tu ambayo watu wameyageuza matumizi. Ubongo una kemikali inayopeleka ujumbe wa kumbukumbu, na ugonjwa wa Alzheimer huipunguza. Piriton nayo huizuia kemikali hiyo hiyo. Ndiyo maana anaamka amechanganyikiwa kuliko alivyolala. Juu ya hapo, inawafanya wazee wakaukwe na mdomo, wafunge choo, mkojo uwe mgumu kutoka, na waanguke. Dawa nyingine nyingi za kuleta usingizi zinazouzwa dukani bila cheti ni za ukoo huo huo, kwa hiyo usiibadilishe kwa ndugu yake. Daktari utakayemwona mweleze kwamba alikuwa akiitumia, na tangu lini.

Na daktari ni lazima umwone, kwa sababu robo saa haitoshi kumpima mtu kumbukumbu. Atafutwe daktari wa mishipa ya fahamu, au wa akili, au wa wazee kama atapatikana. Mama afanyiwe mtihani wa kumbukumbu kwa lugha anayoisikia vizuri, na mtu wa kumfasiria awepo. Apimwe damu: tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, na msione haya, Ukimwi na kaswende pia, maana hayo yote yanaweza kuharibu akili na yana matibabu. Kama aliwahi kuanguka akajigonga kichwa, apigwe picha ya kichwa, kwa sababu damu huweza kuvuja ndani kidogo kidogo kwa majuma na mtu akaonekana amesahau. Apimwe na masikio. Wazee wengi tunaosema wamesahau, kwanza hawakusikia. Sikuahidi kwamba mtakuta jambo la kuponyeka, kwa uliyoyaeleza daktari wa kwanza huenda alisema kweli. Lakini hata Alzheimer ina dawa, donepezil kwa mfano, ambazo haziponyi ila kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza makali kwa muda. Nawe hukupewa hata nafasi ya kuuliza.

Siku yoyote akibadilika ghafla, yaani jana alikuwa anakujua na leo anaona wadudu ukutani, usiseme ugonjwa umezidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mwanamke wa umri wake mara nyingi ni maambukizi ya mkojo, au amekosa maji mwilini kwa joto letu hili.

Sasa kakako. Hili la ugonjwa wa Wazungu mjibu kwa upole. Watafiti walikwenda wilaya ya Hai, Kilimanjaro, vijijini kabisa, wakawapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kiasi cha 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kusahau. Wale si Wazungu. Ni wakulima wa kahawa na migomba. Wala si kweli kwamba Wazungu wote huwapeleka wazazi kwenye manyumba. Marekani kwenyewe wengi wa wagonjwa hawa wako majumbani na walezi wao ni wake na mabinti, waliochoka kama wewe. Bima ya serikali ya wazee kule, Medicare, hailipii kodi ya kuishi katika nyumba kama anayofanyia kazi mdogo wako, na gharama yake ni maelfu ya dola kwa mwezi. Mwulize mdogo wako, atakueleza watoto wanavyouza nyumba ya mzazi ili wamlipie.

Kuhusu dini, mimi si mwanachuoni. Nendeni wote wawili kwa sheikh mnayemwamini, mmweleze hali yote, pamoja na gesi na saa tisa za usiku. Msimwulize "inafaa kumpeleka mama nyumba ya wazee?" peke yake, maana swali lililokatwa nusu hupata jibu la nusu. Ninalolijua ni kwamba wema kwa wazazi tumeamrishwa, na atakayeutekeleza ni nyinyi watatu, si wewe peke yako. Na hiyo adhuhuri ya mara nne mwache aswali. Aliyeondokewa na akili hahesabiwi, na saa hiyo ametulia. Mimi nisingeugusa mswala wake.

Lakini kuna jambo katika barua yako ambalo sidhani umeliona. Nyumba iko Nairobi. Kakako yuko Nairobi. Mama akihamia huko, wewe uko mbali kilomita karibu mia tano na mdogo wako yuko ng'ambo. Wa kwenda kumwona kila Jumapili ni kaka. Atakayepigiwa simu mama akianguka ni kaka. Inawezekana anapinga kwa ajili ya dini tupu, Mungu ndiye ajuaye ya moyoni. Inawezekana pia amepiga hesabu. Usimtupie hilo usoni. Mwambie hivi: "Kaka, njoo ukae na mama juma moja, chumba hicho hicho, mimi nitakuwa Likoni kwa mawifi zangu." Simu uizime usiku. Akirudi Nairobi mtazungumza kama watu wawili waliouona ugonjwa mmoja. Bila hivyo mtabishana mpaka Idi nyingine.

Umeniuliza juu ya nyumba yenyewe. Sina tatizo na nyumba za namna hiyo, na nadhani siku itafika mtaihitaji. Sasa hivi, kwa mama huyu, na pale Nairobi, mimi nisingempeleka.

Sababu kubwa ni Kigiriama chake. Ugonjwa huu huondoa vitu kuanzia vya karibuni kurudi nyuma, na kwa watu wengi lugha iliyokuja ukubwani hutangulia kuondoka, ikabaki ile ya utotoni. Kiswahili amekitumia miaka hamsini sokoni na sasa kinamtoka, tena kinamtoka zaidi jioni anapochoka. Baada ya mwaka au miwili huenda kisibaki. Muuguzi wa Nairobi, awe na moyo mzuri namna gani, atajuaje kwamba bibi huyu anasema tumbo linamuuma? Ataandika kwenye faili "mgonjwa ana fujo". Na mgonjwa mwenye fujo hupewa dawa ya kumtuliza, kisha anakaa kitini tangu asubuhi mpaka jioni, na ukipiga simu ya video utaonyeshwa mtu aliyetulia. Ongeza na baridi ya Nairobi mwezi wa saba kwa mtu wa Kisauni, ongeza na mgeni mmoja tu wa kumtembelea, naye ndiye asiyetaka.

Hata hivyo Kisauni kama ilivyo sasa pia haifai, na hapo kakako amekosea kudhani kukataa nyumba ya wazee kumemaliza kazi. Pesa za mdogo wako zitumike hapo. Elfu themanini kwa mwezi, pamoja na kidogo chenu, inaweza kuwalipa wanawake wawili kwa heshima, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Msichukue tena wasichana wadogo. Kumwachia msichana kama yule aliyepigwa mwiko, ambaye pengine hata miaka ishirini hajafika, mgonjwa wa aina hii ni kumwonea msichana na kumwonea mama. Tafuteni mama mtu mzima, aliyewahi kuuguza, na sharti lenu la kwanza liwe anasema Kigiriama. Kisauni hamtakosa, wamejaa tele. Wa usiku aje kabla ya magharibi, akae macho, na mchana alale kwake. Akiwa ni yule yule anayefua na kupika mchana, usiku atasinzia, na mama atatoka tena.

Na mdogo wenu mnamtumia kama benki, ilhali ni fundi. Kila siku huko Lowell anawaogesha, anawalisha na kuwatuliza watu wenye ugonjwa wa mama. Mambo ninayokuandikia hapa yeye anayajua kwa mikono. Akiwa zamu yake imeisha, nyie ni usiku au alfajiri, mweke kwenye simu awafundishe hao wanawake wawili: mgonjwa anaogeshwaje bila vita, anavalishwaje, anaulizwaje swali moja badala ya matatu. Nadhani hata yeye atapumua. Kuwatunza mama za watu kila siku na wako yuko mbali si jambo dogo.

Wakati mnatafuta watu, hiyo magharibi ipunguzieni ukali. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, maana vivuli vinawatisha. Chai ya rangi iishe baada ya alasiri. Asilale sana mchana, na alasiri mzunguke naye mtaani kidogo. Akifunga furushi akasema anakwenda kwao, usimwambie hapa ndipo kwako. Huwezi kumshinda kwa hoja, na kila hoja inamwambia kwamba hamsikilizi. Mwulize, "Kwenu kuna nini leo?" Atakueleza habari za mamake, za mbuzi, za mnazi uliokatwa. Chukua furushi mkono mmoja, mshike na yeye, tokeni nje, mzunguke nyumba, mrudi kwa mlango ule ule mseme karibuni. Mara nyingine inatosha, mara nyingine mtazunguka tena.

Bangili nazo usijitetee. Mwambie mtazitafuta pamoja, mfungue kabati, muinue magodoro. Mnunulie za rangi ya dhahabu za bei rahisi, ukazikute chini ya mto. Kuna watakaosema unamdanganya mama. Mimi nasema umempa bangili.

Gesi: ondoa kichwa cha mtungi kila ukimaliza kupika, ukifiche. Mlangoni tia komeo la pili juu kabisa au chini kabisa, watu wa namna hii hulitafuta pale walipolizoea, na tundika kengele. Lakini nyumba isifungwe kwa nje na yeye yuko ndani peke yake, hata kwa dakika za kwenda dukani. Nambari yako ya simu ishonwe ndani ya kanga zake na buibui. Wapelekee wale vijana wa tuktuk picha yake na nambari hiyo, uwanunulie na soda. Wamekuokoa mara moja.

Kibanda cha mahamri ukifungue. Sikuambii hivyo kwa ajili ya pesa tu. Mwanamke wa zamu ya mchana akifika alfajiri, wewe toka, kaa na watu, gombana na wateja wako kidogo. Nchini kuna pia Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, shirika la familia zenye wagonjwa hawa, lenye makundi ya walezi. Tafuta kundi lao, hata kama ni la kwenye simu. Hiyo ya kujifanya hujasikia, wote wanaifanya. Watakuambia wenyewe.

Kisha, mkiwa bado mna akili zenu zote watatu, wekeni mpaka sasa. Semeni: likitokea hili au lile, mama atahamia mahali penye wauguzi, na hapana atakayelaumiwa. Kwa mfano, awe hawezi kuinuliwa bila watu wawili. Ashindwe kumeza. Awatie watoto hatarini. Au wewe uugue. Hili la mwisho familia nyingi hazilihesabu, na mlezi hulazwa kabla ya mgonjwa.

Siku hiyo ikifika, anzeni kutafuta huku pwani, karibu na wewe. Mtakuta kwamba nyumba nyingi za wazee, hasa za makanisa na mashirika ya hisani, zilianzishwa kwa ajili ya wazee wasio na watu, na zinafanya kazi njema, lakini hazikujengwa kwa mtu anayetembea usiku. Zile za ugonjwa huu hasa ni chache nchini na nyingi ziko upande wa Nairobi. Ikibidi kuwa Nairobi, basi mtu aende kwa miguu yake. Simu ya video inaona pale tu inapoelekezwa.

Na aende magharibi, bila kuaga, si saa nne asubuhi wakati sakafu imetoka kupigwa deki. Saa hiyo ndiyo atawaona wagonjwa wakihangaika na atawaona wauguzi wanavyowajibu. Ahesabu: wagonjwa wangapi, na wa kukesha wangapi? Wa kukesha, si wa kulala humo. Atazame kucha za wazee na midomo yao. Kucha ndefu chafu na midomo iliyokauka zinasema kuliko ukumbi wa mapokezi. Akinusa mkojo, aulize daipa zinabadilishwa saa ngapi na atazame kama jibu linatoka haraka. Aangalie kama kuna mtu amefungwa leso au kamba kitini. Aulize: mgonjwa asiyelala mnampa nini? Wakitaja sindano au vidonge mbele ya kila kitu, aondoke. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imetoa onyo kwamba dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, wakipewa wazee wenye ugonjwa huu, huongeza hatari ya kufa. Zipo hali ambazo daktari huziandika kwa kipimo kidogo na kwa muda, lakini si za kumpa kila anayeita mama.

Aulize pia nani atamwogesha, maana mamako hataki kuguswa na mwanamume. Nyama inatoka wapi, maji ya udhu yapo? Akiugua usiku anapelekwa hospitali gani, kwa gari la nani, kwa pesa ya nani? Pesa ikichelewa mwezi mmoja, inakuwaje? Na apewe nambari ya familia moja yenye mgonjwa humo, wazungumze bila mwenye nyumba kusikia.

Kuna jambo la karatasi, nalo nalipitia upesi. Mama asiwekewe hati yoyote mbele ya kutia dole gumba, iwe na mjomba, iwe na kaka, iwe na wewe. Mtu aliyepoteza uwezo wa kuelewa anachokitia saini, saini yake haina nguvu, na hata idhini ya kumwakilisha aliyoitoa zamani huwa haifanyi kazi tena. Ikibidi kusimamia mali yake, mahakama ndiyo humteua msimamizi. Na kama mirathi ya marehemu baba haijagawanywa tangu 2011, nendeni kwa Kadhi sasa, kabla nyumba hiyo ya Kisauni haijawa ndiyo sababu ya ugomvi wenu badala ya mama.

Hiyo nafasi inayokwisha mwisho wa mwezi isiwatishe. Mwambie mdogo wako asitume amana. Awaandikie kwamba familia inaomba mama aje kwa majaribio ya wiki mbili, alipiwe siku atakazokaa tu, na kwamba kakako atapita jioni bila kutoa taarifa. Wakikubali, mtakuwa na mahali mnapopafahamu siku mkipahitaji. Wakikataa, mtakuwa mmejua, na laki mbili na arobaini bado iko mkononi mwenu.